Ile Faulo ya Langoni

Langoni, Lamu

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama yuaendelea vizuri na mguu wake, na kusi imeshika kweli, hata mashua za kwenda nje zimepungua.

Klipu yako imefika. Hii ni mara ya tatu unanitumia, na kila mara ujumbe ni uleule: "Mechi imeuzwa." Nimeitazama tena jana baada ya sala ya alfajiri. Kobe Bryant wa Lakers anamtia Mike Bibby wa Kings kiwiko cha pua sekunde za mwisho, damu inatoka, marefa kimya. Sikatai. Mchezo wa sita, fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ile ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, 2002: Lakers walipata mitupo huru 27, ile ya kutupa bila kukabwa baada ya faulo, katika robo ya nne peke yake, wakashinda 106 kwa 102. Filimbi ile hata kipofu aliisikia.

Lakini wewe ukitoka hapo unaruka moja kwa moja hadi kwenye hongo, na hapo ndipo nakuacha. Kweli, refa aliyeoza alikuwepo. Tim Donaghy, refa wa ligi hiyo, aliweka kamari kwenye mechi alizozichezesha mwenyewe, akakiri kosa mahakamani 2007, na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 15 jela. Hata madai kwamba mchezo ule wa sita ulipikwa aliyatoa yeye. Ila hakuwa mmoja wa marefa wake, ligi ilikanusha, na hakuna refa mwingine aliyeshtakiwa.

Tena mchezo wa saba, ule wa kuamua, huutaji kabisa! Ulichezwa Sacramento, kwao Kings, mashabiki wao wakipasua masikio. Walipata mitupo huru 30, wakakosa 14, wakafungwa katika muda wa nyongeza. Ukisimama kwenye mstari ule hakuna anayekukaba. Mimi nikicheza karata vibaya, simlaumu mwenye baraza.

Kinachonishughulisha mimi ni upendeleo usio na bahasha. Kuna wanauchumi watatu, Price, Remer na Stone, waliochapisha uchunguzi wao 2012. Walitenga makosa ya kupoteza mpira katika aina mbili. Pasi ikinaswa na mpinzani, refa hana la kusema. Lakini kuamua kwamba mtu katembea na mpira, au kwamba mshambuliaji kamgonga mlinzi, hiyo ni hukumu ya jicho. Katika yale ya jicho, filimbi iliegemea kwa wenyeji, kwa timu iliyo nyuma kwa pointi, na kwenye mchujo, kwa timu iliyo nyuma katika mfululizo wa mechi kati ya timu mbili. Utaniambia ndiyo hivyo, mfululizo urefuke, televisheni zipate mechi zaidi. Inawezekana pesa inafurahi. Lakini refa hahitaji kuagizwa na mtu ili afanye hivyo. Nalijua hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tangu Machi 2015 ligi ile hutoa ripoti ya dakika mbili za mwisho za mechi zilizokaribiana: hapa tulipuliza kimakosa, hapa tulinyamaza kimakosa. Matokeo hayabadiliki, lakini wanasema. Basi nami nakuletea ripoti yangu.

Unakumbuka mechi ile ya mtaa wetu wa Langoni na Mkomani, kile kiwanja cha saruji, ringi isiyo na wavu, nami nimepewa filimbi kwa kuwa nilikuwa nimeteguka kifundo na siwezi kucheza. Nyinyi wa Mkomani mlikuwa mbele kwa pointi moja. Watoto wa mtaani kwetu wamepanda ukutani wanapiga madebe, na mzee mmoja muuza haluwa ananiita kwa jina la marehemu baba, mara mbili, mara tatu, kana kwamba baba mwenyewe kanituma nisiwaangushe. Yule kijana mrefu akaruka, nawe ukaruka naye. Niliuona mkono wako, niliuona na mpira.

Filimbi ikalia.

Hakuna aliyenipa hata kikombe cha kahawa, Swaleh. Wenzangu walikuwa wametoka nyuma kwa pointi kumi na moja, kelele zimepanda hadi kooni, na mdomo ukapuliza kabla jicho halijamaliza kazi yake. Hukulalamika. Ulinitazama tu. Yule kijana akatupa mbili, zote zikaingia. Jioni ile nilisikia mko Mkunguni mnakunywa kahawa, nami nikazunguka kwa njia za nyuma, nikapishana na punda watatu wa mchanga, ili nisikutane nawe. Kesho yake ulipouliza nilisema kwa kiburi kabisa: "Ulimgusa mkono."

Hukumgusa. Ulikuwa mpira, mpira mtupu.

Nisalimie shemeji na watoto. Na hiyo klipu ya Bibby usinitumie tena.

Wako,
Bakari