Kwenu wanangu mnaosema "mimi sijafika huko"

Hamjambo wanangu.

Barua hii siwaandikii walioshindwa kabisa na pombe. Nawaandikia ninyi mnaokunywa mwisho wa wiki, na katikati ya wiki kidogo, kisha Jumatatu asubuhi mko kazini mmenyoosha nguo na hakuna anayejua. Ninyi ndio mnaoniumiza kichwa. Aliyeanguka watu wanamwona, na hakosekani wa kumkimbilia. Ninyi hakuna anayewaangalia, nanyi wenyewe mmejipatia maneno ya kujituliza na kuyarudia mpaka mkayaamini. Kazi yangu ilikuwa uuguzi, na maneno hayo nimeyasikia kwa wagonjwa waliolazwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Naomba mnivumilie niyachukue machache, niwaambie ninachokijua.

Nianze na la "mimi nakunywa bia tu." Tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya pombe ina mililita 25 za pombe tupu, na uzito wake ni karibu gramu 20. Toti ya pombe kali ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina mililita 12 za pombe tupu, yaani gramu tisa na nusu hivi. Kwa hiyo mwenye bia yake moja amekunywa sawa na toti mbili za yule anayemsikitikia meza ya pili. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina gramu kama 14. Ini halijali kama kinywaji kilikuwa na povu au kilikuwa chekundu. Kinachofika kwake ni kilekile.

Sasa angalieni hesabu hii inatupeleka wapi. Shirika la Afya Duniani likihesabu unywaji mzito wa kikao kimoja, linaanzia gramu 60. Hizo ni bia tatu za mililita 500. Wangapi kati yenu mkiulizwa mtasema "nilikunywa tatu tu, nikaenda kulala," na neno "tu" likatoka lenyewe? Na anayejimiminia nyumbani ndiye hajui kabisa kiasi anachokunywa. Fanyeni jaribio moja. Chukua glasi unayoitumia siku zote, tia maji mpaka pale unapoishia kumimina, kisha yahamishie kwenye kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Wengi hudhani wanajimiminia kipimo kimoja na wanakuta ni viwili, au viwili na nusu. Usikadirie kwa macho, maana macho ndiyo yaliyokudanganya tangu mwanzo.

Lipo la pili, na hili husemwa kwa majivuno: "Mimi nina kichwa kigumu, silewi ovyo." Mwanangu, hiyo si sifa. Ubongo unaopewa pombe mara kwa mara hujizoeza kufanya kazi ndani yake, ndipo bia mbili zilizokuchangamsha zamani zinakuwa kama maji, unahitaji nne, kisha sita. Ini lako halikuongezewa nguvu kwa sababu kichwa kimezoea. Linapokea zote sita. Mwili wako nao huzizoea bila kukuambia, mpaka siku utakapozikosa. Sisi wauguzi tukisikia mtu anasema halewi, hatumpongezi. Tunaanza kumuuliza maswali zaidi. Na mwanamke asijipime na mwanamume wa uzito uleule, kwa sababu mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kuizimua pombe, na kiasi kilekile hupanda zaidi katika damu yake. Aliye mjamzito aiache kabisa. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Kahawa, maji baridi ya kuoga, kutembea upate jasho, kujitia vidole ukatapike: hakuna hata kimoja kinachoondoa pombe iliyokwisha kuingia kwenye damu. Sehemu kubwa huondolewa na ini, kwa mwendo wake, wastani wa gramu saba hadi kumi kwa saa, na hakuna dawa ya dukani ya kuliharakisha. Kahawa inamfumbua macho mlevi, akabaki mlevi aliye macho. Kula kabla ya kunywa kunasaidia kwa kiasi, sikatai, kwa kuwa chakula huichelewesha pombe kufika kwenye utumbo mdogo inakofyonzwa zaidi. Lakini kuchelewa si kutofika. Aliyekunywa bia tano akamaliza saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi akishika usukani huenda bado anayo damuni, ingawa amelala, ameoga na anajiona mzima.

Hapa nataka tukae kidogo, maana kuna neno moja linaloua watu usiku uleule: "Amelewa tu, mwacheni alale." Aliyezima anaweza kuwa bado ana pombe tumboni, na hiyo inaendelea kuingia kwenye damu wakati ninyi mmeshamfunika shuka. Pombe ikizidi, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi hulegea. Ile hali ya kukohoa kitu kikipita njia mbaya nayo hupotea, kwa hiyo akitapika amelala chali, matapishi yanaingia njia ya hewa. Hawezi kukohoa, hawezi kugeuka, na aliye chumba cha pili hasikii kitu.

Basi fanyeni hivi. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asigeuke kifudifudi, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma na mdomo uelekee chini ili chochote kitoke nje. Mtikise, mwite kwa jina, mfinye bega. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima huku ukiangalia saa. Zikiwa chini ya nane, au akikaa sekunde kumi bila kuvuta pumzi, au ngozi imekuwa ya baridi na midomo imebadilika rangi, au hashtuki hata ukimfinya, huyo ni mgonjwa wa dharura na anahitaji hospitali sasa hivi. Msimpeleke bafuni kummwagia maji, msimnyweshe chochote, msimtapishe kwa nguvu. Na mtu mmoja asiondoke ubavuni pake. Kama mlikuwa mnaogopa aibu ya kumpeleka hospitali kwa ajili ya pombe, niaminini mimi niliyekuwa upande wa pili wa ile meza ya mapokezi: sisi tulifurahi kila mara mlipotuletea mtu anayepumua.

Wapo wanaoniambia, "Shangazi, mimi nakunywa kidogo nipate usingizi." Ni kweli pombe hulaza haraka. Kisha inapokuwa inaisha mwilini usiku wa manane, usingizi unakatika, mtu anajikuta macho saa tisa, moyo unamwenda mbio, mawazo yamemjaa. Kesho yake amechoka, na jioni anatafuta tena cha kumlaza. Wasiwasi nao ni vilevile: unatulia kwa saa mbili tatu, halafu unarudi na nyongeza. Nimewaonea huruma sana watu walioamini pombe ndiyo dawa ya hofu zao, kumbe sehemu kubwa ya hofu ya asubuhi ilitoka kwenye chupa ya jana.

Na lile la "mvinyo mwekundu ni mzuri kwa moyo" je? Habari hiyo ilienea sana, na haikutoka hewani. Tafiti nyingi za zamani ziliwalinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa, zikaona wanywaji wana afya nzuri zaidi. Tatizo ni kwamba kundi la wasiokunywa liliwachanganya pia watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukimlinganisha mzima na mgonjwa, mzima atashinda tu. Watafiti walipowatenganisha watu hao, faida ile ilipungua sana au ikatoweka. Wakati huohuo, tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeviweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile la tumbaku. Zinazohusishwa nayo ni pamoja na saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana, na titi kwa wanawake. Mwili ukiivunja pombe hupitia kemikali inayoitwa asetaldehidi, na hiyo huharibu vinasaba vya seli. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Sisemi hivyo ili mtu aliyekunywa glasi moja harusini akalale analia. Hatari hupanda kadiri kiasi kinavyopanda, na anayepunguza kutoka bia kumi na mbili kwa wiki hadi nne amefanya jambo kubwa hata kama hajaacha. Ninachokataa ni mtu kunywa huku akijiambia anajitibu.

Sasa nije kwenye lile lenyewe, "mimi sijafika huko." Huko ni wapi? Mnamfikiria mtu anayekunywa asubuhi, aliyefukuzwa kazi, aliyeuza kitanda. Tuliofanya kazi wodi za upasuaji tuna picha nyingine. Analetwa mtu wa heshima amevunjika mguu kwenye ajali ambayo hata haikuwa na pombe. Akiulizwa kama anakunywa anajibu "kidogo, kijamii." Siku ya kwanza yuko sawa, anataniana na wauguzi. Jioni ya pili mikono inaanza kutetemeka, kikombe cha uji kinagonga meno, shuka limelowa jasho. Siku ya tatu anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye blanketi na kuwafukuza watu waliosimama ukutani. Ndugu wanadhani ni malaria imepanda kichwani, au kuna mkono wa mtu. Kumbe ni mwili uliozoea kupata pombe kila siku, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka umeikosa. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuleta degedege na kuua. Mtu huyo hakuwahi kukosa kazini hata siku moja.

Ndiyo maana ile tabia ya kuzimua asubuhi inanitisha. Bia ya asubuhi inatuliza uchovu, wengine wanaiita tiba. Kwa anayekunywa kila siku, ile nafuu mara nyingi ni mwili kurudishiwa ulichokuwa unakililia.

Kwa sababu hiyo, wewe unayetetemeka mikono asubuhi kabla hujaonja, au uliyewahi kupata degedege ulipokosa pombe, sikwambii uache leo peke yako nyumbani. Nenda kwanza kituo cha afya. Zipo dawa za kupunguza makali kwa siku chache hizo, na hutolewa vitamini B1 kuulinda ubongo. Baadaye zipo pia dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati, ambazo wagonjwa wengi hawajawahi hata kuambiwa zipo. Kuomba dawa hizo si udhaifu. Na vikundi vya walioacha, wanaokutana kusikilizana, vimesaidia watu tangu miaka ya 1930.

Ninyi wengine, ambao mwili haujafungwa namna hiyo, acheni kujiuliza kama ninyi ni walevi. Swali hilo jibu lake ni hapana kila siku, maana daima yupo mtu aliye mbaya kuliko wewe wa kujilinganisha naye. Jiulizeni kiasi na sababu. Kwa mwezi mmoja andika kila kinywaji kabla hujakinywa, si baada: ukubwa, asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, saa, uko na nani, na ulikuwa unajisikiaje. Baada ya wiki ya pili karatasi itaanza kukuonyesha mambo. Utaona kuna mtu mmoja ambaye ukikutana naye hesabu inaruka mara mbili. Utaona bia ya kwanza ya Alhamisi huja kila mara baada ya kikao kilekile kazini. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi linaloitwa AUDIT. Ukipata alama nane au zaidi, unywaji wako tayari ni wa hatari, hata kama hakuna aliyewahi kukulalamikia. Ukiona ugumu wa kuweka siku tatu kavu kwa wiki, ugumu huo nao ni jibu.

Na ninyi mnaokaa naye mezani: mtu akisema leo hanywi, msimuulize mara ya pili. Msimwambie anaumwa au ameolewa na mke mkali. Agizeni maji yake kama mnavyoagiza bia zenu, mazungumzo yaendelee. Nimeona watu wenye nia njema kabisa wakirudishwa kwenye chupa na marafiki waliowapenda.

La mwisho ninalowaomba ni mkiulizwa hospitalini mnakunywa kiasi gani, semeni kweli. Anayekuuliza hakuhukumu. Anataka kujua dawa gani isigongane na pombe iliyo mwilini, na kama usiku wa pili atakukuta unatetemeka. Mtajie kwa chupa na kwa wiki, pamoja na zile za nyumbani ambazo huwa huzihesabu.

Ni mimi, shangazi yenu.