Shoku Ndefu na Mlima: Kabla Hujauliza Kilo, Tazama Siti Ilipo

Mteja anayetaka baiskeli ya milimani yenye shoku ndefu huja dukani kwetu Malindi na hofu moja: itamfurahisha akishuka, halafu imtese akipanda. Hofu hiyo haikuzuka bure. Baiskeli za zamani zenye milimita 160 nyuma zilikuwa hivyo kweli. Ukikanyaga, shoku inanesa. Mlima ukikaza, gurudumu la mbele linatangatanga. Ukifika juu mgongo umekwisha na hamu ya kushuka huna. Siku hizi zipo zenye milimita 150 hadi 170 ambazo utapanda nazo saa nzima umeketi ukifika na nguvu zako. Lakini si zote, na zikiwa zimepangwa dukani kwenye sakafu tambarare, mbaya na nzuri zinafanana.

Tukisema shoku ndefu hatumaanishi urefu wa chuma chenyewe, bali umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka shoku ikifanya kazi.

Tuanze na nani anaihitaji. Kama safari zako ni za Malindi hadi Watamu, Gede na Mambrui, au njia za mchanga za Arabuko-Sokoke, basi baiskeli yenye shoku ya mbele tu, ya milimita 100 au 120, itakutosha na utabaki na hela ya tairi nzuri. Tutakushauri hivyo hata kama umekuja umeshikilia ile ghali. Shoku ndefu ni ya anayepakia baiskeli kwenye gari mwisho wa mwezi kwenda Taita, anayetaka kupanda Wundanyi hadi Vuria, mita 2,208, kisha ashuke kwa njia za mawe na mizizi. Au anayekwenda kule Iten, ambako ukingo wa Elgeyo unaporomoka hadi bonde la Kerio. Huko hakuna gari la kukupandisha kila mara. Unapanda kwa miguu yako, na saa nyingi za siku ni za kupanda. Ndiyo maana tunasisitiza: baiskeli ya kushukia ichaguliwe kwa jinsi inavyopanda.

Kinachoamua upandaji ni pale siti ilipo ukilinganisha na ekseli ya pedali. Kwenye jedwali la vipimo utaona pembe ya bomba la siti; namba ikiwa kubwa, bomba limesimama wima zaidi. Zamani ilikuwa digrii 73 au 74. Baiskeli nzuri za sasa zenye shoku ndefu zina 76 hadi 78. Digrii nne zinaonekana chache, ila zipigie hesabu: kwa mtu ambaye siti yake iko sentimita 75 juu ya ekseli, kutoka 73 hadi 77 kunaisogeza siti mbele kwa sentimita 5 hivi. Hapo ndipo mguu unapoacha kuisukuma pedali iliyo mbele yake na kuanza kuikanyaga ikiwa chini yake.

Sasa weka mlima. Mpando wa asilimia 10 unailaza baiskeli nyuma karibu digrii 6. Wa asilimia 20, zaidi ya 11. Uzito wako unarudi nyuma, shoku ya nyuma inazama zaidi, ya mbele inanyanyuka. Tuseme nyuma imezama milimita 30 zaidi na mbele imepanda 20. Kwa baiskeli yenye milimita 1,240 kati ya ekseli za magurudumu, umelala nyuma digrii 2 na ushei nyingine, juu ya zile za mlima wenyewe. Kwa hiyo shoku ikizidi urefu, ndivyo bomba la siti linavyotakiwa liwe wima zaidi tangu mwanzo. Usichukue baiskeli yenye milimita 170 na digrii 75 kwa sababu rafiki yako ana ya milimita 120 yenye digrii hizo hizo na anapanda vizuri. Yake haizami kama itakavyozama yako.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Abiria wote wakikaa tezi, omo inanyanyuka na dau halishiki njia. Gurudumu la mbele ni vivyo hivyo: likikosa uzito halitii usukani, na kwenye kona kali ya mpando linakutoa nje ya njia.

Kuna mtego mmoja hapa. Pembe inayochapishwa hupimwa siti ikiwa kwenye kimo alichochagua mtengenezaji, na bomba lenyewe mara nyingi limelala kuliko namba inavyodai. Kadiri unavyoinua siti, ndivyo inavyokwenda nyuma. Mtu mfupi ataipata ile 77 iliyoandikwa. Mrefu, nguzo ya siti ikiwa imetoka karibu yote, anaweza kuwa amekaa kwenye 74 bila kujua. Ndiyo maana karakana yetu haimalizi kazi kwa kusoma jedwali. Tunainua siti hadi kimo cha mteja, tunafunga uzi wenye nati nzito mwishoni, tunauteremsha kutoka katikati ya siti mpaka nati itulie, kisha tunapima kwa rula nati iko nyuma ya ekseli kwa sentimita ngapi. Tunafanya hivyo kwa kila baiskeli anayoifikiria, halafu tunalinganisha namba. Wateja wengi hubadili mawazo wakiwa wameinama wanatazama ile nati.

Baada ya siti tunatazama viungo vya nyuma, yaani vile vinavyounganisha gurudumu la nyuma na shoku yake. Ukikanyaga kwa nguvu, uzito unakimbilia nyuma na kutaka kuizamisha shoku. Cheni nayo inavuta, na viungo vikipangwa vizuri mvuto huo unaizuia isizame. Nguvu hizo mbili zikilingana, mafundi husema ni asilimia 100, na hapo baiskeli inakwenda mbele badala ya kunesa. Mvuto wa cheni ukipungua sana, nusu ya jasho lako inaishia kwenye shoku. Ukizidi sana, gurudumu linagoma kupita juu ya mawe na pedali zinakupiga teke miguuni. Mpangilio wa DW-link aliobuni Dave Weagle unajulikana kwa kulinda usawa huo; ule wa Horst, uliotokana na Horst Leitner, hutegemea zaidi jinsi kila mtengenezaji alivyoupanga. Usinunue jina la mpangilio. Panda, kanyaga, na uone.

Na gia. Hapa watu hujinyima bila sababu. Mbele meno 30, nyuma 52, gurudumu la inchi 29: mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.3 hivi. Mbele 32, nyuma 42, unasogea karibu mita 1.8. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, ya kwanza ni chini ya kilomita 5 kwa saa, na ya pili inakulazimisha kwenda zaidi ya 6 ili miguu isikwame. Kwenye mpando mrefu tofauti hiyo ndiyo ya kuketi au kushuka ukasukuma. Sproketi ndogo ya mbele ina faida nyingine: kwa fremu nyingi, inaongeza kidogo ule mvuto wa cheni unaoizuia shoku isizame.

Uzito tunauongelea mwisho kwa makusudi. Wewe, maji, begi na baiskeli mkiwa kilo 95, kilo moja ya ziada ni kama asilimia 1. Kwa mpando wa saa nzima umechelewa nusu dakika hivi. Mtu analipa pesa nyingi sana kuondoa kilo hiyo kwenye fremu, halafu anafunga nyuma tairi laini ya kushukia yenye gramu 1,300 inayong'ang'ania ardhi kama gundi. Tairi inayonata iweke mbele, inakoshika kona. Nyuma weka yenye mpira mgumu kidogo na vinundu vifupi vya kushika ardhi. Ukiwa na tairi za Maxxis, kwa mfano, weka mpira wa MaxxGrip, ule laini, mbele na MaxxTerra, mgumu kidogo, nyuma. Utalihisi badiliko hili mapema kuliko fremu ya kaboni.

Mara nyingi tatizo si baiskeli, ni upepo wa shoku. Kijana mmoja wa Mambrui alituletea baiskeli ya mtumba ya milimita 160, amekata tamaa, anataka kuiuza. Tulimwambia apande akiwa na begi lake na maji kama anavyokwenda safari. Ile ringi ndogo ya mpira kwenye mti wa shoku tukaisukuma mpaka chini, akaketi taratibu akishikilia ukuta, akashuka. Zile 160 ni za gurudumu; shoku yenyewe ina milimita 65 tu za kuzama. Ringi ilikuwa imesogea 26, yaani asilimia 40. Inatakiwa kati ya asilimia 25 na 30, kwake milimita 16 hadi 19. Alikuwa anaanza kila mlima akiwa tayari amezama. Tukaongeza upepo kwa pampu ya shoku, tukaisogeza siti mbele kwenye reli zake hadi alama ya mwisho inayoruhusiwa, tukabadilisha sproketi ya mbele kutoka 34 kwenda 30. Hakuiuza.

Kwa mtumba wa aina hiyo tuna sharti moja: fremu iwe nzima na beringi za viungo zisiwe zimeshikana. Mengine hurekebishika. Zile baiskeli mpya za bei rahisi zenye springi kubwa katikati na hakuna mafuta ndani ya kuituliza, hizo hatuziuzi na hatutaziuza. Zinanesa kila ukikanyaga na hakuna spana itakayoziponya.

Swichi ya kuikaza shoku itumie kwenye lami na murram laini. Njia ikiwa na mizizi na mawe iache wazi hata unapopanda, kwa sababu gurudumu linalofuata ardhi halitelezi.

Halafu kuna chumvi yetu. Hewa ya Malindi inakula beringi na boliti hata za baiskeli iliyolala ndani, na msimu wa kusi ndio mbaya zaidi kwa walio karibu na ufuo. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na presha, ikaushe, ipake cheni mafuta, pangusa miti ya shoku kwa kitambaa safi. RockShox, watengenezaji wa shoku, wanataka foku, yaani shoku ya mbele, ifunguliwe chini na kubadilishwa mafuta kila saa 50 za kuendesha; kwa mtu wa pwani usizipitishe. Foku iliyokauka hainyanyuki wala haizami sawasawa, na utalaumu fremu bure. Majimaji ya kuziba ndani ya tairi nayo hukauka haraka kwa joto hili, kwa hiyo yakague kila baada ya miezi miwili.

Majaribio tunayafanya asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali. Mji wetu ni bapa, kwa hiyo anayetaka kununua kwa uhakika tunakwenda naye Arabuko-Sokoke, tukiwa na mwelekezi wa msitu kwa sababu ndovu wapo, hadi kule juu Nyari. Mpando si mrefu, lakini mchanga mwekundu wa upande ule hausamehe: ukikaa vibaya gurudumu la nyuma linachimba, la mbele linaelea. Tunapeleka baiskeli mbili zenye upepo uliopimwa kwa uzito wako, unapanda sehemu ile ile kwa kila moja ukiwa umeketi, usisimame. Sikiliza kiuno na magoti, tazama kama unalazimika kusogea kwenye ncha ya siti. Ukisogea, ile siyo yako.

Njoo na viatu utakavyoendeshea, begi lako likiwa na maji kama ya safari, na kama una baiskeli ya sasa uje nayo tupime siti yake kabla hatujaanza kuzungumza bei.