Alichukua chaki mkononi mwangu mbele ya kidato cha nne

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri. Mvua ya huku Tukuyu inapiga bati tangu jana jioni na mimi sijapata hata lepe la usingizi, usiku wa tatu huu. Nimeona heri nikuandikie wewe, maana mume wangu nikimweleza ananijibu, "Yote hayo kwa ajili ya kaneno kamoja ka Kiingereza?" Siyo kaneno, Shangazi. Ni chaki. Aliichukua chaki mkononi mwangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mwaka wa 22 huu. Kipindi sikosi, hata nikiwa na homa. Niliowafundisha wengine leo ni manesi, wengine walimu wenzangu. Sijisifu, nataka tu ujue kwamba sibahatishi kazi.

Jumanne nilirudisha insha za kidato cha nne. Niliwaambia waandike kuhusu mtu wanayeishi naye nyumbani. Binti mmoja mpole, anayekaa mbele, ameandika juu ya bibi yake: "My grandmother is difficult to live with." Nikakata "with" kwa kalamu nyekundu, nikamwandikia pembeni kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi, yaani neno kama "with", "on" au "to". Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, ndivyo nilivyofundisha miaka yote, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunigusa kwa hilo.

Yule binti hakuniuliza. Alibeba daftari akalipeleka kwa yule kijana.

Yule kijana ni mwalimu mpya, kaletwa mwaka huu. Nimemfundisha mimi. Kwao ni mbali, huko mashamba ya chai, kwa hiyo kidato cha tatu na cha nne alilala kwangu. Amekula ndizi zangu, amesomea taa yangu. Siku majina ya chuo kikuu yalipotoka nilichinja jogoo. Simsimangi, lakini lazima ujue ni mtu wa namna gani aliyenifanyia hivi.

Jumatano kipindi cha pili akabisha hodi darasani. "Shikamoo madamu, naomba dakika mbili." Nikaitikia marahaba, nikidhani ana tangazo. Akaja mpaka ubaoni, akanyoosha mkono, akaichukua chaki kwenye vidole vyangu kama mtu anayechukua chake. Akaandika ile sentensi ya bibi, na "with" mwishoni, akaipigia mstari.

Akaanza kufundisha. Darasa langu, mimi nimesimama pale. Akawaambia bibi katika sentensi ile ndiye ambaye mtu anaishi naye, na nafasi yake ya asili ni baada ya "with". Amehamishiwa mwanzoni, nafasi imebaki wazi, lakini "with" haihami. Akaongeza kiti: "This chair is comfortable to sit on." Akaongeza mtu asiyetegemeka: "He is hard to rely on." Jiulizeni, akasema, kwenye sentensi ya kawaida kitenzi kinamfikia mtu huyo au kitu hicho kwa neno gani? Neno hilo msilidondoshe njiani.

Kisha akaingia Kiswahili. "Bibi ni mgumu kuishi naye. Toeni 'naye', mnabaki na nini? Bibi ni mgumu kuishi." Darasa likaangua kicheko, kana kwamba bibi wa watu anakataa uhai. Na kiti, akasema, nani huku anasema kiti kizuri kukaa? Tunasema kizuri kukalia, na hiyo "-lia" ndiyo inayofanya kazi ya "on".

Ukweli ni kwamba alieleza vizuri. Nakiri. Hayo yote ningeyameza. Lakini akamalizia, "Msiogope, hata mimi nilifundishwa hivyo."

Shule nzima inajua nani alimfundisha. Watoto 42 wakageuza shingo kunitazama, nami nimesimama na vidole vyeupe, sina chaki.

Hata mimi nilifundishwa hivyo. Nikimenya ndizi naisikia. Nikifunga macho naisikia.

Naomba nijitetee kidogo, maana sikukosea kila kitu. Watoto wengi wa huku wanaandika "My grandmother is difficult to live with her", kwa sababu ya hiyo "naye" ya Kiswahili. Hapo lazima ukate "her", hata yeye angekata, kwa kuwa bibi ameshatajwa mwanzoni. Mimi nilikuwa nakata "with" na "her" kwa pamoja, hilo ndilo kosa langu, lakini nusu yake ilikuwa sahihi. Na nimewafundisha siku zote kwamba ukianza na "It", yaani "It is difficult to live with her", yote mawili yanabaki. Waulize.

Halafu vivumishi vyenyewe, maneno ya sifa kama hiyo "difficult", havina msimamo. "She is impossible to talk to" ni Kiingereza safi. Ondoa kukanusha, sema "She is possible to talk to", haikubaliki. Mwanafunzi akikuuliza sababu, unamjibu nini mbele ya wenzake? Kwa lugha kama hii mwalimu anahitaji kanuni ya kushika. Mimi nilishika yangu.

Jana usiku niliitafuta kanuni hiyo kwenye simu, mume wangu anakoroma. Nikakuta Dryden, mshairi wa Uingereza, mwaka 1672 alimlaumu Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia aliyemtangulia, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Nikafurahi, nikasema nimempata. Nikasonga mbele nikamkuta Lowth, mtu aliyekuja kuwa askofu wa London. Mwaka 1762 aliandika kwamba kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi mazito, na kukiacha mwisho ni tabia ambayo lugha yao inaielekea sana. Na maneno hayo ya mwisho, Shangazi, kwa Kiingereza chake yanaishia na "to". Nikazima simu. Na kwa bibi wa yule binti hata huko mbele hapaendeki. Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande kitandani, "with" haina pengine pa kukaa ila mwishoni.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla hajatoka aliandika mfano wa mwisho: "Madamu is easy to talk to." Wakapiga makofi. Mpaka sasa sijui alinisifu au alinipaka mafuta baada ya kunichubua. Kama kweli mimi ni rahisi kuongea naye, mbona hakuja kuongea na mimi? Ofisini meza zetu zinatazamana. Angesubiri mapumziko. Angesema, "Madamu, kuna kitu nimekiona kwenye daftari la fulani." Ningekasirika, ndiyo, pengine ningemjibu vibaya, lakini chaki ingebaki mkononi mwangu na kesho yake ningewasahihisha mwenyewe.

Simtaki aombe msamaha. Alhamisi jioni alikuja nyumbani na mkate na kilo ya sukari, nikamtuma mwanangu akamwambie nimelala. Saa kumi na mbili na nusu, nani analala? Alijua. Ila kama anataka kuomba msamaha, aombe palepale alipochukua chaki, mbele ya walewale 42, siyo kunifuata nyumbani na sukari.

Barua ya kuomba uhamisho nimeshaiandika. Iko kwenye pochi. Dada yangu yuko Makete, anasema shule za huko zinahitaji walimu. Lakini kuhama sitaki, miparachichi yangu ndiyo kwanza imeanza kuzaa, na kwa nini mimi ndiye nihame?

Sasa kinachoninyima usingizi kweli. Jana yule binti ameniletea insha yake, ameinakili upya kwa mwandiko mzuri. Mstari wa tatu: "My grandmother is difficult to live." Ameitoa "with" mwenyewe. Alikuwepo Jumatano, alisikia maelezo, alicheka na wenzake, anajua sentensi sahihi ni ipi. Na pembeni ameandika kwa penseli, "Samahani madamu."

Mtoto ameharibu sentensi yake ili anipoze mimi. Na Novemba anaingia kwenye mtihani wa taifa. Daftari liko hapa mezani, nimelifungua na kulifunga sijui mara ngapi. Ninawawaza wa nyuma yake, miaka 22, ni wangapi nimewakatia neno wakaingia nalo kwenye mtihani likiwa limekatwa.

Jumatatu kipindi cha pili niko nao tena. Nikiirudisha "with" kwa kalamu yangu nyekundu nimekubali kwamba alistahili kuichukua chaki, na hakustahili. Nisipoirudisha, yule binti anaenda nayo hivyo. Nimrudishie daftari kimya, nisimame mbele ya darasa zima niseme, au nianze na yule kijana? Na leo ni Jumamosi, nina hakika jioni atakuja tena. Akibisha hodi, nimfungulie?

Mwalimu, Rungwe