Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kutoka Cheti Hadi Kazi

Wazee wetu, kina mama, vijana, wazazi na walezi, pamoja na wakalimani wetu wa lugha ya ishara, hamjambo. Nawashukuru nyote, wanachama wa chama chetu cha watu wenye ulemavu, mliofika hapa Kisumu, hasa mliotoka mbali, Busia, Siaya na Vihiga. Najua gharama ya safari hiyo kwa mtu anayetembelea kiti cha magurudumu au magongo.

Katika mkutano uliopita mliamua jambo zito. Mlisema sehemu ya fedha tulizokuwa tukilipia karo za kozi fupi iende kwenye kazi nyingine: kumtafutia mwanachama mwajiri, kumfikisha kazini na kuwa naye hadi azoee. Wako waliopinga, na sababu zao zilikuwa na uzito, maana mzazi anayetaka mwanawe ajifunze ushonaji haambiwi asubiri. Sasa tumeufuata uamuzi huo kwa mwaka mzima, nami naamini mliamua vyema.

Kwa upande wa mafunzo, eneo letu halijasahauliwa kabisa. Serikali ina vituo 12 vya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu nchini, na kadhaa viko huku kwetu: Kakamega, Itando kule Vihiga, Odiado kule Busia, na majirani zetu Kisii na Kericho. Sikri, katika Kaunti ya Homa Bay, hufundisha viziwi na wasioona. Kijana anahitimu, anafanya mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, anarudi kwao Nyakach au Luanda ya Vihiga na cheti mkononi, na hapo ndipo mambo hukwama. Hakuna anayemjua mwenye karakana, na mwenye karakana hajawahi kufanya kazi na mtu kama yeye. Aliyebahatika kupewa cherehani ya kuanzia maisha anaiweka sebuleni, kwa sababu hana kodi ya kibanda sokoni. Mtoto akilazwa hospitali, cherehani inauzwa. Hayo yamewapata wanachama wetu, na simlaumu hata mmoja wao.

Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 159 wa mwaka 1983, lilieleza lengo la huduma za mafunzo na ajira kuwa kumwezesha mtu mwenye ulemavu kupata kazi inayomfaa, kudumu katika kazi hiyo na kupanda ngazi. Mafunzo ni maandalizi ya mambo hayo matatu, wala hayawezi kushika nafasi ya hata moja.

Niwaeleze tuliyoyaona kazini. Mwanachama wetu kiziwi, binti wa Manyatta, alikubaliwa kwa majaribio katika bekari moja hapa mjini. Kukanda na kupima unga alikuwa anakujua vizuri. Hofu ya meneja ilikuwa moja tu: tanuri hupiga kengele mikate ikiiva, na huyu hasikii kengele. Kabla binti hajaanza, afisa wetu wa ajira alikwenda pale na fundi wa stima wakati kazi ikiendelea. Fundi akaunga taa nyekundu juu ya tanuri, ikawa inawaka kila kengele inapolia. Vifaa vyote vilipatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na havikumtikisa mtu mfuko.

Taa ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kilichotaka subira ni watu. Wenzake walihitaji kujua kwamba mtu aliyebeba trei ya moto hashikwi bega kwa nyuma; unasogea mbele yake akuone kwanza. Walijifunza ishara za mambo yao ya kila siku: moto, subiri, tayari, unga umeisha. Wiki ya kwanza mkalimani wetu alikaa naye zamu nzima. Baadaye akawa anafika asubuhi tu, kazi zinapogawanywa, na mwishowe akaacha kwenda. Binti yuko kazini hadi leo, na wenzake wanasema taa ile inawafaa hata wao, mashine ya kukandia inapopiga kelele.

Mwanachama mwingine ni mama aliyeugua polio utotoni, mguu wake wa kulia hauna nguvu. Karakana ya sare za shule iliyomchukua hutumia cherehani za mota, na pedali zote zimewekwa kwa mguu wa kulia. Tulihamisha pedali ya mashine yake upande wa kushoto tukainua meza kidogo, akaanza kushona. Lakini pale malipo ni kwa kipande. Siku za mwanzo mguu wa kushoto ulikuwa bado haujazoea, vipande vyake vilikuwa vichache, na alichopata hakikutosha hata nauli. Alitaka kuacha. Tulizungumza na mwenye karakana, akakubali kumlipa kwa siku mwezi wa kwanza, kisha wakarudi kwenye utaratibu wa kipande. Sasa anaenda sawa na wenzake.

Ndugu zangu, hapo ndipo ajira nyingi za watu wetu hufia. Mtu ana ujuzi, mwajiri ana nia, lakini wiki zile za mwanzo hakuna anayesimama kati yao, na kila mmoja anaondoka akiwa na hakika kwamba haiwezekani. Natamani kila mfadhili anayetuuliza tumefundisha watu wangapi atuulize pia wangapi bado wako kazini.

Kuhusu sheria, mwaka huu tumepata nguvu mpya. Mwezi wa Mei 2025 Rais alitia saini Sheria ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Ile ya zamani iliitaja asilimia 5 ya nafasi za kazi, lakini ililiachia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu kujitahidi zipatikane. Hii mpya inamtaka mwajiri mwenyewe, akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, atenge asilimia hiyo. Kwa mwenye wafanyakazi 20 ni mtu mmoja, na kwa mwenye 200 ni watu 10. Hebu fikirini viwanda, hoteli, shule za binafsi na masupamaketi yaliyoko kati ya Kisumu na Bungoma.

Hata hivyo nawasihi tusiingie kwa mwajiri tukitanguliza sheria. Tumtangulize mtu na kazi anayoiweza, tuoneshe kifaa kitakachohitajika na bei yake, na sheria ije nyuma kutuunga mkono. Mwajiri anayechukua mtu kwa hofu ya faini humweka pembeni bila kazi ya maana, na huo si utu.

Lakini wapo wanaotulazimisha kuchukua njia nyingine. Kampuni moja ilimwita mwanachama wetu anayetumia kiti cha magurudumu kwenye mahojiano ya kazi ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Alipoomba wamhoji chini, aliambiwa askari wa mlangoni wambebe. Alikataa, akarudi nyumbani. Nasema mbele yenu nyote kwamba alifanya sawa, na chama kiko naye. Barua yetu kwa kampuni hiyo haijajibiwa, na kamati inaandaa malalamiko rasmi.

Nauli inaendelea kuwaumiza wafanyakazi wetu. Matatu nyingi hazisimami zikiona kiti cha magurudumu, na tuktuk hutoza nafasi ya kiti kana kwamba ni abiria wa pili. Kibarua cha siku kinaishia barabarani. Tumeanza mazungumzo na madereva wa tuktuk wa Kondele kuhusu bei ya mwezi kwa wanachama walioajiriwa, na wamepokea wazo hilo vizuri.

Kundi linaloongezeka kwetu ni la waliopata ulemavu wakiwa watu wazima: waendeshaji bodaboda waliokatwa mguu baada ya ajali, na wafanyakazi waliopoteza vidole au mkono kwenye mashine. Kwa mwenye mwajiri, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa haki, lakini dai lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Wengi hutufikia muda huo umepita, kwa hiyo ukisikia jirani ameumia kazini, mlete mapema. Na swali letu la kwanza kwa mwajiri liwe kama anaweza kumrudisha mtu wake kwenye kazi nyingine pale pale. Huyu anajulikana tayari, na wanamwamini. Mwendesha bodaboda hana mwajiri wa kuulizwa; kwake tunaanza upya, na mara nyingi kwa huzuni ambayo kozi peke yake haiponyi. Namshukuru mwanachama wetu mwenye mguu wa bandia anayejitolea kuwatembelea wodini.

Kwa wasioona wanaotafuta kazi za ofisini, programu ya NVDA, inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, haina malipo. Tumeiweka kwenye kompyuta za ofisi yetu. Njooni mfanye mazoezi. Walio na mshahara wakumbuke kwamba mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi yanasamehewa kodi, lakini ni lazima uwe umesajiliwa na Baraza na uwe na cheti cha msamaha kutoka KRA, mamlaka ya mapato. Ambao hawajasajiliwa waonane na katibu leo kabla ya kuondoka.

Vijana wenye ulemavu wa akili bado ndio wanaobaki nyumbani zaidi. Wazazi wanaogopa watachekwa au kudhulumiwa, na hofu hiyo ina msingi. Ningependa tuanze na kazi chache zenye hatua zinazojirudia, kama kupanga bidhaa, kufua na kukunja shuka za hoteli, au kuhudumia vitalu vya miche, tena mzazi awepo siku za mwanzo akitaka.

Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu. Kamati inaomba mwidhinishe mambo mawili: tuajiri afisa wa pili wa ajira, atakayekaa Kakamega na kuhudumia pia Vihiga na Busia, na tuanzishe mfuko mdogo wa nauli kwa mwanachama katika mwezi wake wa kwanza kazini, akiwa bado hajapokea mshahara. La kwanza litajadiliwa kabla ya chakula cha mchana, la pili baadaye. Wanaotaka kuchangia kwa lugha ya ishara waketi upande wa kulia wa ukumbi ili wakalimani wawaone vizuri.