Tusifute vipande vyembamba vya picha za CT

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu programu za akili mnemba zinazotenga mfupa katika picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Mwandishi amesifia kasi yake, nami sina ubishi. Kuzungushia mfupa mstari kwa kipanya, kipande baada ya kipande, kulinimalizia jioni nyingi. Sasa kazi hiyo inaisha kabla chai haijapoa. Ila ameruka jambo moja, nalo liko mikononi mwetu sisi wapiga picha za mionzi.

Picha ya CT ni tarakimu tupu. Katika kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi, hewa ni −1,000, mafuta karibu −100, maji 0, na ganda gumu la mfupa huweza kuvuka 1,000. Ukisikia hivyo utadhani ni suala la kuweka kizingiti tu: kilichozidi 200, tuseme, kipakwe rangi. Mgonjwa aliyechomwa dawa ya kung'arisha mishipa atakuumbua mapema, kwa kuwa mshipa wake mkuu wa damu unaweza kung'aa kuliko pingili za mgongo wa bibi aliyeishiwa madini ya mifupa. Programu mpya zinaukwepa mtego huo kwa sababu zimejifunza umbo, si mng'ao peke yake.

Lakini hakuna programu inayoweza kurudisha kilichokwisha kupotea. Chukua sakafu ya tundu la jicho, mfupa usiofika hata milimita 1. Juu yake ni mafuta, chini yake ni hewa. Ukihifadhi vipande vya milimita 5, vyote vitatu vinaingia kwenye nukta moja na kutolewa wastani, na katika wastani huo mfupa haupo tena. Kijana wa bodaboda aliyepiga uso kwenye lami ataonekana ana shimo, kumbe ni ufa tu. Daktari akikunja bati la kuziba sakafu hiyo kwa kufuata mfano wa mfupa uliotengenezwa kutokana na picha hizo, amekunja kwa kipimo cha uongo.

Mashine zetu nyingi zina uwezo wa kutoa vipande vya milimita 1 au pungufu. Tatizo ni nafasi ya kuvihifadhi. Nilikofanya kazi awali tulituma vipande vinene kwenye seva na kuvifuta vyembamba kila wiki. Nimevifuta kwa mkono wangu. Siku moja daktari wa upasuaji akaomba mfano wa taya la mgonjwa tuliyempiga picha wiki tatu nyuma. Ikabidi tumwite arudi, alipe nauli tena, ale mionzi mara ya pili.

Kinachoniudhi ni kwamba programu yenyewe si lazima iwe ghali. TotalSegmentator, iliyotengenezwa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, inapatikana bure. Toleo lake la kwanza lilijengwa kwa picha 1,204 na kutenga sehemu 104 za mwili, 59 kati yake mifupa. Picha hizo ni za wagonjwa wa huko. Nyonga ya mgonjwa wa selimundu, ambayo kichwa cha mfupa wa paja kimekufa na kubonyea mpaka hujui kinaishia wapi na kikombe chake kinaanzia wapi, sidhani imeiona mara nyingi. Tungependa kuijaribu kwa nyonga za watu wetu, lakini kwa picha zipi, ikiwa tunazifuta?

Kwa hiyo naomba wakuu wa vitengo vya radiolojia, kabla ya kutembelewa na wauza programu, wanunue diski. Vipande vyembamba vikae muda ule ule linalokaa faili la mgonjwa. Kituoni kwangu sasa tumeanza na nyuso na nyonga. Vya kifua bado vinafutwa kila Ijumaa.

Wako,
Mpiga picha za mionzi,
Mwanza