Barua kwa Shabani: kabla hujanunua dawa nyingine ya kabichi

Tengeru, Arusha

Rafiki yangu Shabani,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, namshukuru Mungu. Picha za kabichi zako zimeniuma. Majani yaliyoliwa yakabaki ngozi nyembamba kama kioo ni kazi ya viwavi wa nondo mgongo-almasi. Geuza jani, mguse mmoja: atarudi kinyumenyume akijipinda, kisha atajiachia aning'inie kwenye uzi. Ndiye huyo.

Unaniuliza dawa ipi ina nguvu. Jina sikutajii. Mdudu huyu aliripotiwa kuishinda dawa ya DDT kule Java, Indonesia, tangu 1953, na dawa nyingi zilizofuata amezizoea. Inayoua huku inaweza kushindwa huko Lushoto, kama mmeipiga miaka na miaka. Jaribu shambani kwako.

Chukua dawa mbili au tatu zilizosajiliwa, zenye namba tofauti za kundi kwenye lebo (namba hiyo huonyesha jinsi dawa inavyoua), kwa kipimo cha lebo. Shamba lako ni la mteremko, kwa hiyo ligawe safu nne, moja chini ya nyingine kutoka juu hadi bondeni, kila safu iwe na dawa zote, kila dawa na kipande chake. Ipi ikae wapi, amua kwa kuokota karatasi. Na katika kila safu, kipande kimoja kipulizie maji matupu. Najua inauma kuwaachia viwavi kabichi zako. Lakini mvua kubwa huwaangusha viwavi wadogo wakafa, na bila kipande hicho utaisifu dawa kwa kazi ya mvua. Hili, ndugu yangu, usilikwepe hata kidogo.

Hesabu viwavi kwenye miche kumi ya katikati ya kila kipande, maana pembeni dawa hupeperuka kutoka kipande cha jirani. Hesabu kabla ya kupiga, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Dawa ya bakteria, ile Bt, usiihukumu kesho yake: viwavi huacha kula mapema, lakini hufa baada ya siku mbili tatu. Jani la kabichi lina nta, basi changanya dawa ya kunatisha na upulize hadi chini ya majani.

Hesabu pia vifuko vya kahawia vya nyigu Diadegma, yule ambaye icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimleta Afrika Mashariki kutoka Taiwan. Hutaga ndani ya viwavi hao na kuwaua. Dawa inayommaliza yeye mimi siitaki, hata ikiua viwavi vizuri.

Ukimaliza nitumie hesabu zote, na za maji matupu pia, tukae kwenye simu tupige wastani.

Msalimie mama watoto.

Ndimi rafiki yako,
Elia