Mpaka wetu wa bahari uandikwe kwa nukta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie mpaka wetu wa bahari, jambo ambalo huku Moshi wengi huliona ni la watu wa Tanga na Mtwara. Mimi ni mpima ardhi mstaafu wa Kibosho, na maisha yangu yote ya kazi yamekuwa ni mipaka.

Mpaka unaosumbua kuliko yote ni ule unaofuata maji. Penye masale, mimea ya mpaka, ya tangu enzi za mababu, au bikoni, alama ya wapimaji, ambayo nukta zake, yaani vipimo vya mahali ilipo, zimo kwenye ramani ya upimaji, ugomvi huisha mapema. Lakini kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichoandikwa "hadi ukingo wa mto" ni kesi inayosubiri masika. Mto ukihama, jirani mmoja anaongezewa migomba asiyoipanda na mwenzake anabaki kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kurudi.

Mpaka wa bahari wa nchi yetu umesimama juu ya maji namna hiyo hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unaanza kupima pale maji yanapofika wakati wa kupwa, kama inavyoonyeshwa kwenye ramani zinazotambuliwa na serikali. Kutoka mstari huo wa msingi zinahesabiwa maili 12 za baharini za maji ya kitaifa, kisha hadi maili 200, kama kilomita 370, ukanda wa uchumi ambamo jodari wanaoogelea na gesi iliyo chini ya sakafu ya bahari ni haki yetu. Ufukwe ukiliwa na mstari ukarudi nchi kavu, na hizo maili 200 zirudi nazo?

Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Niwatoe wasiwasi wenzangu wa mlimani: barafu ya Kibo, pamoja na kwamba inatuuma kuiona ikiisha, ni ndogo mno kuijaza bahari. Kinachoijaza ni barafu ya Greenland, Antaktika na safu nyingine za milima, pamoja na maji yenyewe kutanuka yanapopata joto.

Tazameni Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakitaga kwa wingi. Miti ikaisha, mawimbi yakamaliza kazi, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, hata mayai ya kasa inabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo yasioze. Kwa bahati, kisheria Maziwe bado inahesabika katika kuchora mstari wa msingi, kwa sababu huonekana maji yakipwa na iko ndani ya maili 12 kutoka bara.

Latham haina bahati hiyo. Kisiwa hicho, ambacho pia huitwa Fungu Mbaraka, kiko kusini-mashariki mwa Unguja, ni jiwe bapa la matumbawe lenye ndege wa baharini na kimo cha mita chache tu. Maadamu kinabaki juu maji yakijaa, kina maji ya kitaifa yake chenyewe, maili 12 kila upande, kama kilomita za mraba 1,500. Siku kitakapofunikwa wakati wa kujaa, kwa kuwa kiko zaidi ya maili 12 kutoka pwani, mkataba haukipi tena maji hayo. Eneo lingebaki ndani ya ukanda wa uchumi, lakini mamlaka ya nchi juu ya ukanda huo ni pungufu sana kuliko juu ya maji yake ya kitaifa.

Dunia imeanza kutoa jibu. Nchi za visiwa vya Pasifiki zilitangaza mwaka 2021 kwamba mipaka yao ya bahari haitapunguzwa kwa sababu ya bahari kupanda. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa swali lililosukumwa na Vanuatu, ikatoa maoni kwamba nchi iliyokwisha kuweka mipaka yake ipasavyo kwa ramani au orodha ya nukta hailazimiki kuibadilisha bahari inapopanda. Kwangu mimi mpima, neno zito hapo ni "iliyokwisha". Faida inakwenda kwa aliyepima, akaandika na kuwasilisha mapema.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu, kwa moyo wote, ipime pwani yote tangu Jasini hadi mdomo wa Ruvuma, pamoja na Unguja, Pemba, Mafia na Latham, iwasilishe nukta hizo kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na itamke wazi kwamba ni za kudumu. Delta ya Rufiji ipewe uzito wa pekee, maana mkataba huo huo unaruhusu pwani ya delta isiyotulia kuwekewa mistari iliyonyooka inayodumu hata maji yakiingia ndani. Tumewahi kuwa na majaji katika Mahakama ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, Jaji Warioba na baadaye Jaji Kateka, kwa hiyo hatuwezi kusema hatuna wa kutuelekeza.

Na ninyi mawakili wa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mlangoni kwenu. Mei 2025 iliombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, itoe maoni kuhusu wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi. Ipelekeeni hoja ya mvuvi wa Pangani ambaye dago lake, yaani kambi yake ya uvuvi, limegeuka maji, mwelezeni jaji kwa nukta na kwa ramani.

Mpima ardhi mstaafu,
Kibosho, Moshi